Historia ya marehemu kukhu: niweke ama nitoe hayo maneno ya kahawa ya Chepkube?

Mjukuu wa Malakisi (Nakuru)

Habari zenu nyote. Kukhu wetu, mama yake baba, ametuacha, mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo huko nyumbani upande wa Malakisi na kamati imenipea mimi kazi ya kuandika historia ya marehemu eti juu ndio niko na kompyuta. Sasa mnajua venye hizo vitu huandikwa. Alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akaolewa na mzee fulani, Mungu akawabariki na watoto tisa, alipenda kanisa na ukulima, akaugua kwa muda mfupi, basi. Ukibadilisha jina unaeza soma hiyo karatasi kwa matanga yoyote kutoka Busia mpaka Naivasha na hakuna mtu atashtuka.

Mi sitaki hivo. Kila nikienda nyumbani nilikuwa nakaa na yeye nje ya jikoni ananihadithia, zingine nilirekodi kwa simu, sauti iko na kuku wengi lakini inasikika. Kitu moja niliona ni kwamba huyu mama hajawahi kuniambia neno "ukoloni" ata siku moja, na uhuru alitaja mara moja tu juu kuna ng'ombe alichinjwa kwa chifu. Yeye alikuwa anahesabu na vitu zake. Mwaka wa nzige, mama yake akiwa na yeye tumboni ama mgongoni, hapo hakuwa na uhakika. Siku risasi zililia Malakisi, yeye alikuwa mtoni na mitungi na wasichana wenzake wakaambiwa lala chini. Mwaka mahindi mpya zilikuja na mzee akakataa kupanda akisema hizo ni za wazungu, akapanda yeye kwa kipande chake nyuma ya nyumba, mavuno ikafika mzee akanyamaza. Halafu wakati wa Amin.

Hapo kwa Amin ndio shida iko. Yeye na wamama wengine wa hiyo boma walikuwa wanabeba kahawa usiku kutoka upande wa Uganda wanaleta Chepkube, hilo soko la mpakani upande wetu wa Kenya, kwa kichwa, wakati mwingine mtoto mgongoni. Hiyo pesa ndio iliezeka nyumba ya mabati ya kwanza kwa huo mgongo wetu na ndio ilipeleka baba yangu sekondari, na kwa hivyo ndio imenileta mimi hapa. Nikaandika vizuri, nikatuma kwa grupu ya familia. Baba mkubwa alinipigia saa hiyo hiyo. Toa. Pasta atakuwa, chifu atakuwa, na wewe unataka kusoma mbele ya mwili kwamba mama yangu alikuwa mtu wa magendo?

Na tena kuna mjomba mwingine anataka kinyume, anataka niandike kurasa mbili za Elijah Masinde na Dini ya Msambwa, ile dini yake ya kupinga wakoloni, juu eti "mama aliishi historia". Na senge, dada ya baba, anataka tuandike alifika miaka mia juu inapendeza kwa programu. Kitambulisho kinasema 1928.

Nifanye nini? Kuna mwenye ameandika kitu kama hii bila kupigana na wazee?

---

Kijana wa Chwele

Pole sana kwa familia. Lakini ndugu, kama kila mtu aliyepita Chepkube atatolewa kwa historia yake, hapa kwetu tutazika watu na karatasi nyeupe. Weka. Ata huyo chifu muulize babake alinunua ploti ya sokoni na nini.

---

Mwalimu Mstaafu (Gem)

Pole kwa msiba, mjukuu wangu. Nimefundisha historia miaka mingi na nakuambia hiyo kahawa ndiyo sehemu bora ya maandishi yako, usiitoe, ila uieleze kutoka mwanzo wake ili baba yako mkubwa aelewe mama yake alikuwa amesimama wapi.

Julai 1975 baridi kali iliangukia mashamba ya Brazil, mikahawa ikaungua kwa barafu, na Brazil ndiyo iliyokuwa inauza kahawa nyingi kuliko nchi yoyote. Mwaka uliofuata bei ya dunia ikapaa, na 1977 ikapaa zaidi. Sasa tazama Uganda wakati huo huo. Mkulima wa kule alilazimika kuuzia bodi ya serikali ya Amin, bei ni kidogo, malipo yanachelewa, na shilingi yenyewe ya Uganda akiipata haina cha kununua kwa sababu maduka yalikuwa matupu tangu Wahindi wafukuzwe 1972. Sabuni hakuna, chumvi hakuna. Ng'ambo ya mto kuna Kenya yenye sabuni na yenye pesa. Kahawa ingekaaje kule? Ilishuka yenyewe mpaka Chepkube, na kila mtu aliyekuwa na kichwa cha kubebea au punda alibeba. Wenye malori ndio waliotajirika, na hao hakuna mchungaji aliyewahi kukataa sadaka yao. Mama mwenye gunia nusu kichwani ndiye alikuwa wa chini kabisa katika mlolongo huo, anapigwa na umande na anaogopa askari wa pande mbili. Ukimwita yeye mtu wa magendo na wale wengine ukawaita wafanyabiashara, hapo utakuwa umemkosea marehemu.

Kuhusu mwaka wa kuzaliwa, usiamini hicho kitambulisho. Wanaume walivalishwa kipande tangu 1920, kile cha alama za vidole kwenye mkebe wa chuma shingoni, lakini wanawake hawakuwemo, na hata baada ya sheria ya 1947 kubadilisha mambo bado ilisajili wanaume. Wanawake waliingizwa sheria ilipobadilishwa 1978. Kwa hivyo kukhu wako alikuwa mama mzima mwenye wakwe wakati karani alipomwangalia usoni kwa mara ya kwanza na kumuuliza ulizaliwa lini mama, akakisia, akaandika. Hiyo 1928 ni ya karani. Nzige nao walikuja zaidi ya mwaka mmoja, kuanzia mwisho wa miaka ya 20 hadi mwanzo wa 30, kwa hivyo wenyewe hawatoshi. Lakini nyinyi Wabukusu mna kipimo kizuri kuliko sisi: tohara yenu ni miaka ya namba shufwa, na kila rika lina jina. Tafuta kaka yake aliyemfuata au aliyemtangulia aliingia rika gani na mwaka gani, halafu uliza yeye kukhu alikuwa na umri gani siku hiyo, alikuwa anabeba maji ya mgeni au bado anabebwa. Utakaribia kuliko karani.

Halafu kuna kitu watu husahau. Kabla ya hapo serikali ilimjua mwanamke kama nyumba tu. Kodi ilihesabiwa kwa nyumba, mwenye wake watatu ana nyumba tatu analipa mara tatu, na mjane naye nyumba yake ilihesabiwa. Watu wa kwetu walipokutana Lundha Disemba 1921, ule mkutano wa Piny Owacho wa kulalamikia serikali ya wakoloni, hiyo kodi na hicho kipande vilikuwa kati ya malalamiko makubwa. Lundha ni hapa karibu nami. Uliza wazee wenu, je, mama yake kukhu alibaki mjane? Kama ndio, kuna mtu alikuja kuhesabu nyumba yake na kuna mbuzi alienda.

---

Mtu wa Kimilili

Pole kwa familia. Mimi naona mnaharibu kitu rahisi. Watu watakuja kulia na kula, jua kali, tenti moja, na huyu kijana anataka kuwasomea barafu ya Brazil. Hiyo ni ya darasani. Baba mkubwa ako na haki, mama ni wake, na aibu itabaki kwake si kwa Mwalimu wa Gem.

Na hiyo ya Masinde muache kabisa. Kukhu alikuwa mtoni na mtungi. Kuwa karibu na risasi haikufanyi mtu wa Msambwa. Watu siku hizi wakisikia tu marehemu alikuwa hai 1948 wanataka kumvalisha ngozi ya chui.

---

Mama Ciku (Njoro)

Pole Mjukuu, tuko na wewe hapa Nakuru, ukihitaji kusaidiwa na usafiri wa watu uniandikie.

Mimi niliandikia shosho yangu miaka kadhaa imepita na nilipigana na watu pia, ata yangu ilikuwa mbaya zaidi juu yake ilikuwa ardhi. Shosho alizaliwa kwa shamba ya mzungu hapa juu, wazazi wake walikuwa maskwota, yaani unapewa mahali pa kulima na kuchunga na wewe unafanyia mzungu siku 180 kwa mwaka kulingana na sheria ya 1918. Baba yake alikuja na mbuzi na ng'ombe wengi. Halafu ikaja kile wazee waliita kifagio, wazungu wakaamua mifugo ya maskwota ipunguzwe, wanyama wakauzwa kwa bei ya kutupa ama wakapelekwa. Shosho alikuwa mtoto, yeye alikumbuka tu kwamba kulikuwa na maziwa halafu hakukuwa. Mimi nilipoambiwa na mtu mwenye amesoma kwamba hiyo ni kifagio na iko kwa vitabu nilishtuka, juu yeye alikuwa akisema kama ni kitu ilifanyika kwa boma yao peke yake.

Wakati wa vita ya Hitler alikuwa anachuna pareto. Watoto na wamama ndio walikuwa wanachuna, na ilitakikana sana juu ndio ilikuwa dawa ya wadudu ya wanajeshi. Alafu imajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, 1952 mwisho na 53, wakawekwa kwa malori wakapelekwa rizavu Kiambu, eti mrudi kwenu. Kwao ni wapi? Yeye alizaliwa hapa, hakuwa anajua mtu huko, walifika wakapata wenye shamba wanawaangalia kama wezi. Akachimba mitaro ya kuzunguka kijiji na jembe huku amebeba baba yangu. Walirudi Njoro uhuru ikikaribia, wakachanga shea kwa kampuni moja ya kununua mashamba, na cheti cha shea akakiweka kwa mkebe wa Kimbo. Ardhi yenyewe ilikuja kupimwa ameshazeeka na ilikuwa ndogo kuliko ile aliahidiwa. Halafu 1992 akakimbia, na 2008 akakimbia tena hapo showground akiwa anatembea na fimbo.

Sasa kwa programu wajomba walitaka tuandike "alinunua shamba 1967". Ukiandika hivo inakaa rahisi. Mimi nilikataa nikaandika cheti cha shea na mkebe, na ile ya 1992 na 2008 niliandika kwamba alihama, bila kutaja nani alimhamisha juu majirani wa kabila zote walikuwa wamekaa hapo kwa tenti moja na wengine ndio walikuwa wanapika. Hiyo niliamua mwenyewe na ata leo kuna dada yangu anasema niliogopa. Sijui. Siku ya mazishi haikuwa siku ya hiyo.

Kwa hivyo yangu ni hii, kahawa weka, juu hiyo ni kazi alifanya na mikono yake na haikuumiza mtu. Lakini usiite magendo. Andika "alibeba kahawa kutoka mpakani usiku" na uwache watu wenyewe wajue. Watajua.

---

Kijana wa Chwele

@Mtu wa Kimilili lakini mzee, barafu ya Brazil itachukua sentensi moja. Pasta huchukua dakika arobaini.

---

Nyar Kibuye (Kisumu)

Pole sana bro. Mwalimu ameongea poa lakini kuna kitu nataka kuongeza kuhusu hizo tarehe kubwa, juu mimi nilijaribu kwa dani yangu, yaani nyanya, ikakataa.

Dani aliuza samaki soko ya Kibuye toka nikiwa sijazaliwa. Mimi kwa akili yangu ya chuo nilitaka kumuuliza 25 Oktoba 1969, ile siku Kenyatta alikuja kufungua hospitali ya Russia na watu wakapigwa risasi hapa mjini, KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi Oginga Odinga, ikapigwa marufuku, yeye akawekwa ndani. Nilikuwa nimejitayarisha kulia. Dani akaniambia ilikuwa Jumamosi, alikuwa amechukua samaki kwa deni beseni nzima, soko ikatawanyika, watu hawakutoka siku kadhaa, samaki wakaoza, na akalipa hilo deni mpaka mwaka ikaisha. Alikuwa na hasira na hiyo beseni mpaka uzee. Mwanzo niliona kama haelewi ile kitu ilifanyika. Alielewa sana, kulikuwa na kijana wa jirani hakurudi, lakini hiyo alisema mara moja na hakurudia na sikumlazimisha.

Penye aliongea siku nzima bila kunyamaza ni mbuta. Hiyo samaki ililetwa ziwani miaka ya 50, na kufika miaka ya 80 imejaa kila mahali imekula zile ndogo. Mara ya kwanza wamama hawakujua kuipika, mafuta mingi, kuni mingi. Halafu viwanda vikakuja, mnofu unapelekwa Ulaya na ndege, bei ikapanda wamama wa soko hawawezi nunua samaki mzima, wakaachiwa mgongo wazi, ile mifupa inabaki mnofu ukitolewa. Dani alitoka kwa kuuza ngege (tilapia) mzima hadi kukaanga mifupa, na watoto wake watatu walimaliza shule na hiyo mifupa. Hiyo ndio tuliandika. Hakuna mtu alikuja kusema ni siasa, na kila mama wa Kibuye aliyekuwa kwa hayo mazishi alisimama.

Kwa hivyo usiulize alikuwa wapi 1963. Uliza bei.

---

Mjukuu wa Malakisi (Nakuru)

Asanteni sana wote, nimesoma hii yote nikiwa kwa matatu mpaka nikapitishwa stegi.

Nimeongea na baba mkubwa tena jioni. Nilimsomea hiyo ya Mwalimu kuhusu Brazil kwa simu polepole na yeye akanyamaza, nikadhani simu imekata. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa anaenda. Alikuwa kijana wa kama miaka kumi na tano na alikuwa anatangulia mbele ya wamama kuangalia kama kuna askari kwa daraja. Hajawahi kutuambia! Akasema kuna usiku mmoja walitupa magunia mto na kukhu akarudi mikono mitupu, na kesho yake akaenda tena juu mwalimu mkuu alikuwa amemrudisha baba nyumbani kwa sababu ya karo. Akasema sawa, andika, lakini hiyo ya magunia usiandike nani alikuwa anaangalia askari. Nimekubali.

Neno magendo nimetoa, Mama Ciku uko sawa. Masinde nimeweka mstari moja, kwamba 10 Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati wa Dini ya Msambwa hapo Malakisi na watu 11 wakafa, na marehemu alikuwa msichana mtoni akasikia. Mzee wa Kimilili, nadhani hiyo unaeza kuvumilia. Mjomba amenuna lakini yeye hununa kila matanga.

Mahindi pia nimeweka na mwaka, juu nilijua haiwezi kuwa kabla ya 1964, ndio hibridi za Kitale zilianza kupewa wakulima. Hapo kuna kitu imenishangaza, hiyo mwaka babu alikuwa ametoka kazi Kitale na ndio alikataa hizo mbegu, yeye ndio alikuwa anaishi na hao wazungu. Sijui ilikuwa nini. Labda alizichoka.

Miaka bado. Senge amekataa kushuka chini ya mia. Mwalimu, kaka yake alikufa zamani, nitapata wapi rika yake?

---

Mtu wa Kimilili

Mstari mmoja sawa. Na baba yako mkubwa ni mtu wa maana, mwambie nimesema.

---

Mwalimu Mstaafu (Gem)

Mjukuu wangu, usiende ofisi yoyote kwanza. Kuna mwanamke yeyote aliye hai aliyeolewa pande hizo mwaka mmoja na kukhu wako au aliyechota maji naye? Huyo ndiye wa kumtafuta kabla ya Jumamosi, na hata baada ya Jumamosi, kwa sababu akienda yeye mmebaki na karani. Nenda asubuhi kabla hajachoka, mbebee sukari na majani chai, na umchukue mtoto wa nyumba hiyo akae karibu maana wazee huongea vizuri mtoto akiwepo. Usimuulize mwaka. Muulize kaka yake marehemu alipotahiriwa nani mwingine alitahiriwa naye, na kama kuna mmoja wao aliye hai au aliyeandikwa mahali. Makanisa ya zamani huko yana vitabu vya ubatizo, ya Wakwekeri na ya Wakatoliki, na mtu aliyebatizwa mkubwa mara nyingi aliandikwa amekisiwa umri, basi unalinganisha makisio mawili ya watu tofauti.

Ukikosa yote andika "alizaliwa wakati wa nzige". Hapo senge hana la kusema, mia yake haijakataliwa wala kukubaliwa.

---

Mjukuu wa Malakisi (Nakuru)

Kuna mmoja, anaishi Sirisia, masikio ni mazito lakini akili iko. Naondoka Alhamisi na gari ya usiku. Mama Ciku nimekuandikia kwa pembeni kuhusu usafiri, tuko watu kumi na wanne.